Na Bosi wa Darasa la Tatu, kutoka Goba hadi Manzese kusaka betri

MSOMAJI wangu, goti la mpwa wangu bado lina kidonda, na goti hilo ndilo lililofanya leo nisikupeleke Bagamoyo kama nilivyoahidi. Safari ya leo ni fupi mno. Inaanzia Goba, inapita Mbezi na Kimara, inaingia Kariakoo, inaishia uchochoroni Manzese. Nauli yake yote haifiki bei ya chipsi kuku. Lakini mwenzenu nimerudi na kesi.

Tuanze na mwenye kesi. Dada yangu mkubwa anakaa Goba na mumewe na watoto wawili. Huyu wa kwanza ana miaka minane, yuko darasa la tatu katika shule moja ya Kiingereza ambayo jina lake tuliache. Mimi namwita Bosi. Ukiiona ratiba yake hutaniuliza kwa nini.

Saa kumi na dakika arobaini alfajiri anaamshwa. Saa kumi na moja na robo basi la shule linapiga honi getini, giza bado nene, wanaomsindikiza ni mbwa wa jirani. Anazungushwa milima yote ya Goba kuokota wenzake mpaka kukuche. Masomo hadi saa nane na nusu, halafu tuisheni palepale shuleni hadi saa kumi na nusu, halafu basi tena na foleni tena. Anaingia ndani saa kumi na mbili na nusu jioni, shati nje, soksi moja mguuni na moja mfukoni. Oga, kula, homuweki. Hesabu kurasa mbili, Kiingereza ukurasa mmoja, Sayansi chora ua na utaje sehemu zake. Saa tatu na nusu kichwa kinadondoka mezani na penseli iko mkononi. Jumamosi ana tuisheni ya mtaani, saa mbili mpaka saa saba. Jumapili kanisani, sandeskuli, kunyolewa, kusafisha viatu.

Sasa na wewe niambie, huyu mtu anacheza saa ngapi?

Mimi swali hilo sikuwahi kujiuliza mpaka kodi ya chumba changu ilipoisha kule Tabata na mwenye nyumba akaacha kunisalimia. Nikahamia kwa dada "kwa muda". Siku ya pili nikamkumbuka mtoto wangu mwingine, yaani gari la rimoti nililomnunulia Bosi siku yake ya kuzaliwa mwezi wa nne. Jekundu, milango inafunguka, taa zinawaka. Hela ya makala mbili nzima iliteketea pale, msomaji, na unajua sisi waandishi wa kulipwa kwa makala tunavyolipwa.

"Bosi, gari letu liko wapi?"

Akaonyesha kwa kidole juu ya kabati. Nikapanda kiti, nikalishusha. Liko kwenye boksi lake, na ule mfuko wa nailoni haujatolewa. Nikafungua kijimlango cha betri nikakuta betri zimevuja, unga mweupe umetapakaa, vile vichuma vimeota kutu. Betri zimejifia zenyewe bila kufanya kazi hata siku moja.

Bosi alikuwa ananiangalia kwa woga.

"Anko, siyo mimi. Mimi sijaligusa."

Wee acha tu. Lingekuwa limevunjwa ningefoka kidogo, yakaisha. Lakini mtoto wa miaka minane kujitetea kwamba hajaligusa gari lake mwenyewe, nilikosa la kusema.

Na usidhani dada ni mchoyo. Chumba cha watoto kina rafu nzima. Kuna treni, dubu wawili, ramani ya Afrika ya vipande vya kupanga, na mpira ambao haujawahi kuguswa na vumbi. Nyumba ile ina midoli kuliko chekechea niliyosoma mimi. Tena yote imepangwa kwa urefu, kama wanafunzi mstarini. Saa ya kuishusha ndiyo hakuna.

Usiku nikamfuata dada, anapiga pasi yunifomu. Nikamwambia kwa upole, dada, huyu mtoto mbona hachezi? Hakuinua hata macho.

"Wewe ulicheza, mdogo wangu. Matokeo tuliyaona."

Kimya. Pasi tu ndiyo ilikuwa inatoa mvuke.

Kwa wasionifahamu vizuri: mimi nina divisheni foo. Si ile foo ya juu, ni ile ya kukaribia ukutani. Dada ana wani, ana digrii, na ana meza yake benki yenye jina lake juu. Tumetoka tumbo moja, nyumba moja, vyumba viwili vya Manzese. Sasa ukiwa na divisheni foo, hoja ya kwamba watoto wachezeni huwa inakupa shida kidogo kuitetea.

Basi Jumamosi ikafika. Dada na shemeji walikuwa na sendofu Bunju, yeye mmoja wa kamati, kwa hiyo wakatoka asubuhi na yule mdogo. Mimi nikakabidhiwa Bosi na maagizo: saa mbili awe tuisheni, saa saba nimfuate, saa nane homuweki ya Jumatatu ianze, kurasa nne. Maagizo yalibandikwa kwenye friji kwa sumaku.

Saa mbili kasoro tano tuko mlangoni kwa mwalimu. Mlango umefungwa. Jirani akatwambia mwalimu kapata msiba, kaondoka usiku kwenda Morogoro, ametuma ujumbe kwenye grupu la wazazi. Mimi kwenye grupu la wazazi simo. Bosi akasimama pale na begi lake mgongoni, akaitazama saa yake ya mkononi (ndiyo, ana saa), akaniuliza:

"Sasa tunafanya nini mpaka saa saba?"

Hapo ndipo nilipopata wazo la kwenda kutafuta betri.

Kwa asiyeijua Goba, ni vilima na mabonde, mabati ya msauzi, kuta ndefu zenye vipande vya chupa juu, mageti meusi. Zamani palikuwa mashamba. Watu wa ofisini wakaja, wakanunua viwanja, wakajenga, wakajifungia. Unaweza kutembea barabara nzima saa kumi jioni usione mtoto. Wapo, ila wako ndani ya geti au wako ndani ya basi la shule. Ndugu yangu, nimekaa pale wiki tatu na Bosi hajui jina la mtoto wa nyumba inayofuata, ingawa anamsikia akilia.

Tukachukua daladala hadi Mbezi, pale ilipo stendi kuu ya mabasi ya mikoani, ile ya Magufuli iliyofunguliwa mwaka 2021. Bosi akataka kujua kila basi linakwenda wapi. Mpiga debe mmoja akamjibu yote bila kuchoka, Dodoma, Singida, Mwanza, Bukoba, mpaka mimi nikamwonea huruma mpiga debe. Mbezi tukadandia nyingine hadi Kimara Mwisho, na pale tukapanda mwendokasi.

Hapa lazima nikuchekeshe. Mabasi haya yalianza kazi Mei 2016, Bosi hajazaliwa. Amezaliwa Dar, amekulia Dar, hajawahi kuyapanda. Maisha yake yote anayaona kwa dirisha, yeye yuko kwenye foleni na yenyewe yanapita. Alipokaa kiti cha dirishani na basi likachomoka, magari madogo yamesimama upande wa pili, akacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia kule Goba.

"Anko, kumbe sisi ndio tunaopita!"

Ubungo akashika kioo kwa mikono miwili kuziangalia zile barabara zilizopandiana za Kijazi. Shekilango, Urafiki, Tip Top. Nikamwonyesha daraja la watembea kwa miguu la Manzese, nikamwambia nyuma ya pale ndipo tulipokulia mimi na mama yake. Akageuka akaniangalia kama nimemwambia mama yake aliwahi kuwa mwanajeshi.

"Mama alikuwa mtoto hapa?"

Jangwani, bonde la Msimbazi, pale ambapo mvua zikizidi barabara hufungwa na jiji linakatika vipande viwili. Fire. Kisha basi likakata kuingia Msimbazi, tukashuka.

KARIAKOO ya Jumamosi usipime. Jina lenyewe, wazee wanasema na vitabu vinakubali, limetokana na wale wapagazi wa jeshi la Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps, waliopiga kambi pale. Mpaka leo watu wa Kariakoo wanabeba tu, kichwani, begani, kwenye mkokoteni. Tukaingia Mtaa wa Kongo nimemshika Bosi mkono mpaka vidole vikawa vyeupe. Nguo zinaning'inia, spika zinapiga kelele bei, mama mmoja anauza maji, kijana anauza soksi sita kwa bei ya tatu.

Duka la midoli tulilopata ni frem nyembamba, ukiingia tumbo linagusa wanasesere. Kuanzia sakafuni hadi darini ni plastiki kutoka China. Magari, bunduki, vifaa vya daktari, vijiko na masufuria ya kijungujiku, piano, tableti za herufi zinazotamka A B C kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Muuzaji ni kijana wa rika langu. Nikamuuliza siku hizi nini kinatoka.

"Hizi za herufi na namba, kaka. Wazazi wa siku hizi bei wanauliza baadaye. Kwanza wanauliza, hii inafundisha nini?"

"Na watoto?"

"Watoto wanataka kile kinachopiga kelele."

Nikamwuliza kuhusu vile vidude vidogo vyenye betri za duara kama kifungo cha shati. Akasema zinauzwa sana. Mimi sikuzitaka, na wewe mwenye mtoto mdogo ziogope, maana mtoto akimeza kibetri kile humuunguza koo ndani kwa ndani katika saa chache. Akimeza, usisubiri, kimbia hospitali. Hapo nimemaliza upande wa ushauri.

Nilikuwa na elfu kumi na tano mfukoni. Nikajifanya mkubwa. "Bosi, chagua kimoja, chochote."

Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaangalia juu. Akashika gari moja la zimamoto lenye ngazi, akalirudisha.

"Hapana, anko. Nikichukua, nitalichezea lini?"

Muuzaji akacheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka. Nikanunua betri nne na bisibisi ndogo, tukatoka. Pale kona ya mtaa fundi redio akatukwangulia kutu kwenye vile vichuma kwa msasa, gari likawasha taa, likarudi nyuma, likagonga mguu wa mteja wake. Fundi hakutaka hela. Bosi akaendesha gari lile juu ya meza ya fundi, kati ya redio mbovu, kwa dakika kumi hivi. Nilizihesabu.

Ilikuwa saa tano. Akili yenye busara ingesema turudi Goba tukaanze kurasa nne. Lakini nyumbani kwa mama ni Manzese, njiani kabisa, na mtoto gani anapita mlangoni kwa bibi yake bila kumsalimia? Tukashuka Darajani, tukazama uchochoroni.

Manzese yangu imebanwa. Kiwanja tulichochezea chandimu sasa ni gereji upande mmoja na frem za maduka upande wa pili. Lakini watoto ni wabishi. Kati ya gereji na bomba la maji kumebaki eneo kama la kuegesha magari matatu, na Jumamosi ile palikuwa na watoto si chini ya ishirini. Wasichana wanacheza rede kwa mpira wa soksi. Wawili wamechutama kwenye mdako. Kijana mmoja anasukuma gari la waya lenye magurudumu ya kandambili, usukani mrefu mpaka kiunoni, anapiga na honi ya mdomo. Na katikati, kopo la maziwa limesimama peke yake: kombolela.

Bosi alisimama pembeni na begi lake mgongoni. Nikamwambia nenda. Akasogea hatua tatu, akamwuliza binti mmoja mrefu kwa adabu kabisa:

"Samahani, huu mchezo unaisha saa ngapi?"

Binti akamtazama kuanzia viatu. "Mama akiita."

"Na mwalimu wenu yuko wapi?"

Kwi kwi kwi! Uwanja mzima ulianguka. Mimi nikataka kuingilia, mama akanivuta kanga, akaniambia kaa chini unimenyee viazi, watoto watamalizana.

Na kweli. Binti yule ndiye aliyemvua begi akalitundika kwenye bomba. Akamwambia jifiche, usitoke mpaka nikuite. Bosi akajificha nyuma ya simtanki la jirani. Mchezo ukaisha, ukaanza mwingine, ukaisha, Bosi haonekani. Watoto wakaanza kumtafuta kwa dhati. Baada ya nusu saa nzima akakutwa kachutama kulekule, miguu imekufa ganzi, jasho linamtoka. Wakamuuliza mbona hutoki. Akasema, niliambiwa nisitoke mpaka niitwe.

Hapo viazi vilinishinda. Mama akaendelea kumenya vyake, akaniuliza huyu mtoto analala saa ngapi. Nikamsimulia ratiba yote. Nikamsimulia na lile jibu la dada, kwamba mimi nilicheza na matokeo tuliyaona. Nilitaka mama acheke, anihurumie kidogo, maana mimi ndiye kitinda mimba.

Mama hakucheka.

"Dada yako ana haki ya kusema. Yeye hakucheza," akasema. "Mimi alfajiri nilikuwa na vitumbua barabarani, jioni niko sokoni. Wewe ulibebwa na nani? Wenzake wanaruka kamba pale, yeye kakubeba mgongoni anawaangalia. Ulipoanza kutembea akawa anakufulia. Usiku ndiyo anasoma. Wewe ulicheza kwa sababu yeye yuko."

Msomaji, mimi utoto wangu nimeusimulia kwenye safu hii mara ngapi? Gololi, tiara, magari ya waya, kuoga mvua. Hakuna hata makala moja niliyomtaja dada. Sikumwona. Nilikuwa mgongoni.

Nikiwa nimebung'aa pale na kisu mkononi, kelele ikalipuka uwanjani. Watoto wanne walikuwa wamekamatwa, mtafutaji kasogea mbali na kopo, na kutoka nyuma ya gereji akachomoka mtu mmoja mfupi, shati nje, soksi moja. Alikimbia kama anafukuzwa na nyuki. Akalipiga kopo teke likaruka hadi kwenye bati, akapiga ukelele wa kombolela kwa sauti ambayo sikujua anayo, na hapohapo akaanguka na goti. Wafungwa wanne wakatawanyika wanashangilia. Goti linachuruzika damu, na Bosi anacheka huku machozi yanatoka, mwenyewe hajui alie au acheke.

Bibi yake akamwosha, akampaka dawa, akampa ugali na dagaa. Akarudi uwanjani. Mimi nikaangalia simu: imezima. Nikasema nusu saa tu tunaondoka. Msomaji, unaijua nusu saa ya Manzese.

Tulifika getini Goba saa mbili kasoro usiku. Dada alikuwa amesimama nje, bado na gauni la sendofu. Tangu saa nane alikuwa ameona ujumbe wa mwalimu, amenipigia mara kumi na moja. Akamtazama mtoto kichwani, akashuka, akafika gotini.

Mikiki ya pale siwezi kuiandika yote, gazeti litafungiwa. Nilikosea na nilisema nimekosea: ningewasha simu ya mama, ningepiga. Mtu akikukabidhi mtoto akakuta geti kimya mpaka usiku, hasira yake ni halali. Bodaboda zile haziangalii, na habari za watoto kupotea tunazisoma sote.

Lakini alipofika kwenye homuweki, kurasa nne tupu, mwakani ana Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne, na mimi nataka awe nani, awe kama mimi? Hapo nikajaribu kujitetea kisomi. Nikamtajia Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kwamba kucheza na kupumzika ni haki ya mtoto, imeandikwa kabisa, na mzazi ndiye mwenye wajibu. Nikamtajia Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, Tanzania tuliuridhia mwaka 1991, wewe dada wewe! Nikamtajia hata siku ya kimataifa ya kucheza, Juni 11, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 2024.

"Na hiyo sheria yako imesema homuweki anaifanya nani?"

Nikakosa kifungu.

Tukakaa kimya sebuleni. Bosi kalala kwenye kochi na gari lake kifuani, hajaoga, ananuka Manzese. Ndipo nikamwambia dada kile alichosema mama, habari ya mgongo. Sikumwomba msamaha vizuri, nilibabaika tu. Akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema neno ambalo limenikaa mpaka leo:

"Nikikaa nikamwangalia anacheza tu, moyo unanienda mbio. Naona kama kuna kazi nimeiacha mahali."

Akaniambia na mengine. Kwamba kumwamsha saa kumi hakupendi, na yeye mwenyewe anaamka saa tisa na nusu. Kwamba shule ya karibu iliyo nzuri ada yake haishikiki, na iliyo karibu zaidi madarasa yamejaa. Kwamba aliwahi kumwendea mwalimu wa darasa kuomba homuweki ipunguzwe, mwalimu akamwonyesha meseji za wazazi wengine wanaolalamika kwamba homuweki ni ndogo mno, watoto wanashinda kwenye katuni. Mwalimu yuko katikati, anasahihisha madaftari yale usiku kwake, na yeye ana watoto.

Sikuwa na la kuongeza. Mtu mwenye foo yake alijifunza kunyamaza siku ile.

Jumapili Bosi alikaa mezani baada ya kanisa akamaliza kurasa zote nne. Sitakudanganya kwamba mchezo ulimpa akili ghafla. Alikosea hesabu tatu, na ua lake lilikuwa na mguu. Ila hakulala mezani.

Jumatatu dada akatangaza amri mpya: akifika nyumbani, kabla ya homuweki, nusu saa ni yake, hakuna atakayemwuliza kitu. Tuisheni ya Jumamosi imebaki, dada hilo hataki hata kulisikia. Na Jumamosi moja kwa mwezi atakwenda kwa bibi, simu zikiwa zimechajiwa.

Wiki ya kwanza ile nusu saa ilikuwa kimbembe. Bosi alikaa sakafuni na midoli yake yote imeteremshwa, akatuangalia sisi, akasubiri kuambiwa aanze na upi. Dada alikuwa anachungulia kutoka jikoni, anashika hiki anaweka kile, kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Siku ya nne nikasikia bisibisi. Gari langu jekundu, hela ya makala mbili, limefunguliwa vipande ishirini na saba juu ya zulia. Dada akapiga kelele, mimi nikajikaza kiume. Mota ikatolewa, nyaya zikatolewa, ngozi ya gari ikatupwa chini ya kitanda.

Juzi akaniomba waya wa nguo. Nikamuuliza wa nini, akasema wa sayansi. Jana nikamkuta nyuma ya nyumba, karibu na tanki, anafunga fremu ya waya kwa kitambaa, ulimi nje, mota ile imening'inizwa katikati. Magurudumu mawili yako tayari, duara zuri, yamekatwa kwa kisu cha jikoni. Rangi yake ni bluu na mstari mweupe.

Leo asubuhi, wakati namalizia kuandika haya, shemeji anapita chumba kwa chumba anaulizia kandambili yake ya kushoto. Mimi sijaona kitu. Bagamoyo wiki ijayo, Mungu akipenda.